Kulipa mogeji ya maisha mapema Uingereza: mwongozo kamili kwa wazee wetu na watoto wao

Makaratasi ya nyumba ya shangazi yangu, Leicester, yalikuwa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Ofa ya mwaka 2014, stetimenti za kila mwaka ambazo nyingine hata bahasha hazijafunguliwa, na barua moja ya 2020 aliyoikunja mara nne. Hiyo ya 2020 ndo ilimkosesha usingizi, kwa sababu aliuliza akitaka kulipa deni lote itakuwaje, akajibiwa kwamba juu ya deni kuna faini ya paundi 13,000. Akafunga kopo. Mwaka 2024 tulipouliza tena, mkopo uleule, mkopeshaji yuleyule, mkataba uleule, faini ilikuwa sifuri.

Naandika hii kwa sababu najua wazee wetu wengi huku wako kwenye hali hiyohiyo, wameshaambiwa mara moja kwamba "hailipiki" wakakata tamaa, na kwa wengi wao hili sio suala la hela tu, ni deni la riba na mtu anaogopa kufa nalo. Inalipika. Lakini kuna mpangilio, na ukiruka hatua unapoteza maelfu.

Kwanza tuelewane tunaongelea mkopo gani

Ni ule ambao kwenye makaratasi umeandikwa "lifetime mortgage", mimi naita mogeji ya maisha. Unapewa kuanzia miaka 55, nyumba inabaki kwa jina lako, na kwa kawaida hulipi kitu kila mwezi. Riba inarundikwa juu ya deni, mwaka unaofuata riba inatozwa juu ya deni pamoja na ile riba ya mwanzo, mpaka siku mkopaji wa mwisho anafariki au anahamia moja kwa moja kwenye nyumba ya kulelea wazee, hapo nyumba inauzwa wanajilipa. Shangazi alichukua 52,000 kwa riba ya asilimia 6.4. Baada ya miaka 6 deni lilikuwa kama 75,400, na baada ya miaka 10 kama 96,700, na hajakopa hata senti nyingine. Ukitaka hesabu ya haraka, chukua 72 gawanya kwa riba yako, jibu ni miaka ambayo deni linakuwa mara mbili. Kwa 6.4 ni miaka 11 na ushee.

Sasa angalia vizuri kama kweli ndo huo ulionao, maana kuna mwingine ambapo uliuza sehemu ya nyumba yenyewe kwa kampuni na wewe unakaa kama mpangaji mpaka mwisho wa maisha, unaitwa "home reversion". Huo sio deni, haulipiki kwa namna nitakayoeleza hapa, ukitaka kuirudisha nyumba lazima uinunue tena. Ukurasa wa kwanza wa ofa utakwambia.

Hatua ya kwanza: toa makaratasi yote mezani

Unatafuta vitu vitatu. Ofa ya mkopo yenye tarehe, kitabu cha masharti, na stetimenti ya mwaka ya karibuni. Kama ofa imepotea usihangaike, piga simu kwa mkopeshaji uombe nakala, ni haki yako. Kama baadae uliongezewa hela, kila nyongeza huwa na ofa yake, riba yake na faini yake, kwa hiyo usisome ya kwanza tu ukadhani umemaliza. Kuna watu wana mikopo mitatu ndani ya mmoja na hawajui.

Mtoto ukitaka kupiga simu kwa niaba ya mzazi, mkopeshaji hataongea na wewe bila ruhusa. Mzee aandike barua ya idhini, au akae pembeni mwanzo wa simu ajitambulishe mwenyewe kisha aseme anaruhusu. Kama mzee kumbukumbu imeanza kupungua hapo mambo ni mengine, unahitaji hati ya kumwakilisha kwenye mambo ya hela na mali ("lasting power of attorney"), ambayo imesajiliwa kwenye ofisi ya serikali inayoitwa Office of the Public Guardian, na hati hiyo lazima aisaini wakati bado anaelewa anachosaini. Nawaomba sana hili msilisubirishe, hata kama hamna mpango wa kulipa mwaka huu.

Hatua ya pili: jua faini yako ni ya aina gani

Hapa ndo penyewe, soma taratibu. Kwenye masharti tafuta sehemu ya "early repayment charge". Kuna aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya jedwali, asilimia iliyopangwa toka mwanzo na inashuka kila mwaka, tuseme inaanzia asilimia 8 au 10 mwaka wa kwanza inashuka mpaka inaisha kabisa baada ya miaka 8, 10, wengine mpaka 15. Hii ni rahisi, unaangalia jedwali unaona uko mwaka wa ngapi. Ila soma kama asilimia hiyo ni ya hela uliyokopa mwanzo au ya deni lote la leo, tofauti ni kubwa.

Ya pili inafungwa na hatifungani za serikali ya Uingereza, yaani karatasi ambazo serikali inakopea hela, kwenye mkataba utaona neno "gilt". Namna inavyofanya kazi ni hivi: siku unachukua mkopo, mkopeshaji anaandika kiwango cha faida ya hatifungani fulani cha siku ile. Siku unataka kulipa anaangalia kiwango cha siku hiyo. Kama kimeshuka, yeye anapata hasara kwa sababu hela utakayomrudishia hawezi kuiweka sehemu ikamlipa kama zamani, basi anakutoza wewe hiyo hasara, na inaweza kufika hata asilimia 25 ya ulichokopa. Kama kimepanda au kiko palepale, hakuna faini. Sifuri.

Sasa kumbuka historia. Mwaka 2020, kipindi cha korona, viwango vya hatifungani vilikuwa chini sana, hata asilimia 1 havifiki. Aliyeuliza mwaka ule na alikopa 2014 alipigwa na faini kubwa kabisa, ndo ile 13,000 ya shangazi, robo ya 52,000. Kuanzia 2022 viwango vikapanda kwa kasi, na 2025 vya hatifungani za miaka 30 vilifika juu kuliko wakati wowote tangu 1998. Kwa hiyo mtu yeyote ambaye faini yake ni ya aina hii na alikopa kipindi cha viwango vya chini, barua ya zamani aliyonayo haina maana tena. Aulize upya. Na aulize akijua kwamba viwango vinaweza kushuka tena, havikai mahali pamoja.

Hatua ya tatu: omba hesabu ya kufunga deni

Ukipiga simu sema maneno haya hasa, "redemption statement". Usiseme tu nataka kujua balansi, watakupa balansi na faini haimo. Hii karatasi inaonyesha deni, riba ya kila siku, faini kama ipo, ada ya kufunga akaunti kama ipo, na hesabu hiyo ni ya mpaka tarehe gani. Kuomba sio kukubali kulipa, hufungwi na chochote.

Wakati uko kwenye simu uliza na haya, andika majibu pamoja na tarehe na jina la uliyeongea naye: faini yangu inakokotolewaje, tarehe gani inashuka au inaisha, naruhusiwa kulipa kiasi gani kwa mwaka bila faini, na kuna hali gani ambazo naruhusiwa kulipa yote bila faini. Swali hili la mwisho ni muhimu mno na mara nyingi hawalisemi wenyewe mpaka uulize.

Hatua ya nne: tafuta milango ya kutoka bila faini

Kabla hujakubali faini yoyote pitia milango hii mmoja mmoja.

Kulipa kidogokidogo. Mikopo mingi inaruhusu kulipa asilimia fulani kila mwaka bila faini, mara nyingi 10 ya ulichokopa mwanzo, mingine zaidi. Kuanzia tarehe 28 Machi 2022 mikopo mipya yote inayofuata viwango vya Equity Release Council, chama cha kampuni za mikopo hii, lazima iwe na ruhusa ya namna hii, ila ya zamani kama ya shangazi mingi haina. Kama unayo itumie kwa akili: tuseme mwaka wako wa mkopo unaanza Juni, unalipa 10 mwisho wa Mei alafu 10 nyingine Juni, ndani ya wiki mbili umepunguza asilimia 20 bila faini, kisha unafunga deni lililobaki na faini inapigwa juu ya kiasi kidogo, kama mkataba wako unaihesabu kwa kinacholipwa. Ila usidanganyike kwamba 10 kwa mwaka peke yake italimaliza deni la zamani. Shangazi angekuwa nayo angelipa 5,200 kwa mwaka, na riba yake ya mwaka ilishafika 6,200 hivi. Deni lingekua tu, polepole kidogo.

Kuhamia nyumba ndogo. Mikopo mingi ina sharti kwamba ikishapita miaka kadhaa, mara nyingi 5, ukiuza nyumba ukahamia nyingine unaweza kulipa deni lote bila faini. Baadhi wanasema mpaka hiyo nyumba mpya iwe ya aina ambayo wao hawaikubali, wengine hawajali. Soma maneno yenyewe ya mkataba.

Kifo au ugonjwa wa mmoja wenu. Kama mlikopa mume na mke na mmoja amefariki au amehamia kwenye nyumba ya wazee, wakopeshaji wengi wanampa aliyebaki miaka 3 ya kulipa bila faini. Najua msibani hakuna mtu anafungua mafaili, eda na shughuli zinapita, mwaka unapita, na ghafla mitatu imeisha. Mtoto mmoja apewe kazi hii aiandike kwenye kalenda.

Na kama mkopaji wa mwisho ndo ameshafariki, warithi hawatozwi faini ya kulipa mapema, kwa kawaida wanapewa miezi 12 kuuza nyumba au kutafuta hela. Riba lakini haisimami siku ya mazishi, inaendelea kila siku mpaka hela ifike. Na mikopo iliyo chini ya Equity Release Council ina dhamana kwamba ikiuzwa kwa bei halali deni halitazidi thamani ya nyumba, watoto hawadaiwi kinachopungua.

Hatua ya tano: piga hesabu, usiogope neno faini

Hili nataka mlisikie vizuri kwa sababu sisi lilituumiza. Mwaka 2020 hela zilikuwepo. Kulikuwa na fungu lake la nyumba ya urithi Tanga, akiba yake, na watoto watatu walikuwa tayari kuchanga. Alipoona faini ya 13,000 akasema mwanangu siwezi kumpa mtu elfu kumi na tatu za bure, na sote tukamuunga mkono, hata mimi. Hakuna aliyechukua kalamu. Deni lilikuwa 75,400, ongeza faini ni 88,400. Miaka minne baadae amelipa 96,700 bila faini. Yaani tulikimbia faini ya 13,000 tukalipa riba ya 21,300, tofauti ni 8,300 na ushee, na akiba iliyokaa benki kipindi kile haikuzaa hata karibu na hapo.

Kwa hiyo hesabu ni hii: faini ya leo ni kiasi gani, na nikisubiri mpaka faini iishe au ipungue, riba itakula kiasi gani. Mfano mwingine wa faini ya jedwali. Ulikopa 80,000, deni limefika 100,000 kwa riba ya asilimia 6, faini ni asilimia 4 ya ulichokopa na itashuka kuwa 3 tarehe ya kumbukumbu ya mkopo. Kusubiri kunakuokolea 800. Riba yako ni kama 500 kwa mwezi. Kama tarehe ni mwezi mmoja mbele, subiri. Kama ni miezi mitatu, lipa sasa hivi.

Kuna upande wa pili na lazima niuseme. Walioingia 2020 na 2021 wengine wana riba ya asilimia 3 au chini ya hapo, imefungwa maisha yote. Kama akiba yako inapata zaidi ya hiyo benki baada ya kodi, kihesabu tu haina haraka, unaweza kuacha hela izae kwenye ISA, akaunti ya akiba isiyokatwa kodi, unaruhusiwa kuweka mpaka 20,000 kwa mwaka bila kodi, ukalipa baadae. Ila kwa anayekimbia riba kwa sababu ya dini hesabu hiyo haimhusu, na watoto msimbishie mzee kwa kikokotoo, nyumba ni yake na roho ni yake.

Na usitoe akiba yote ukabaki mtupu. Boila inaweza kufa Januari. Ukishafunga mogeji ya maisha hela imeingia kwenye kuta, kuitoa tena ni kuanza mkopo mpya kwa riba ya leo.

Hatua ya sita: hela inatoka wapi

Pensheni. Robo ya mfuko kwa kawaida inatoka bila kodi, iliyobaki inahesabiwa ni mapato ya mwaka huo, na ukivuka 50,270 kwa mwaka, kinachozidi kinakatwa asilimia 40 (Scotland viwango ni vingine). Mtu akitoa 60,000 kwa mkupuo mmoja anaipa serikali zawadi. Gawanya, sehemu kabla ya tarehe 5 Aprili na sehemu baada.

Michango ya watoto. Mzee anayepokea hatozwi kodi kwa zawadi. Anayetoa, akifariki ndani ya miaka 7, zawadi inaweza kuhesabiwa kwenye kodi ya mirathi yake, kwa hiyo iandikwe. Na iandikwe kwa sababu nyingine kubwa zaidi: je, ni zawadi, ni mkopo kwa mzazi, au mtoto aliyechangia zaidi atarudishiwa nyumba ikiuzwa? Nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu hili lilisemwa kwa mdomo sebuleni. Karatasi moja iliyosainiwa na wote, na wasia ulingane nayo.

Kama mzee anapata Pension Credit, ile nyongeza ya serikali kwa wastaafu wa kipato kidogo, angalieni hela isikae kwenye akaunti yake. Akiba ikizidi 10,000 wanaanza kuhesabu, kila 500 inayozidi wanaichukulia kama paundi moja ya mapato kwa wiki. Bora michango iende moja kwa moja kwa wakili anayefunga deni.

Hela ya kutoka nyumbani. Mmeuza kiwanja Tanga, Mombasa au Mbagala, hongereni, sasa mkopeshaji na wakili wataulizia chanzo cha hela, ni sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Wekeni mkataba wa mauziano, risiti za kodi, na stetimenti ya benki inayoonyesha hela ya mnunuzi ikiingia. Zipitie benki kwa benki, kwa jina la mwenye mali. Sisi fungu la shangazi lilikuja kwa vipandevipande kupitia ndugu wawili na simu, kila kipande kikahitaji maelezo yake, tukakaa wiki tano tunatafuta karatasi huku riba inakimbia. Ingekuja kwa mkupuo mmoja na mkataba pembeni ingekuwa siku mbili tatu.

Mkopo mwingine wa kulipia huu. Kuna kuhamia mogeji ya maisha ya riba ndogo, na kuna mogeji ya wastaafu ya kulipa riba tu kila mwezi. Hiyo ya pili inazuia deni lisikue, lakini ukishindwa kulipa mwezi kwa mwezi nyumba inaweza kuchukuliwa, kitu ambacho kwenye mogeji ya maisha ya kawaida hakipo. Hapa usiende mwenyewe, nenda kwa mshauri mwenye cheti cha mikopo hii na aliyesajiliwa FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, na kabla yake ongea na watoa ushauri kama MoneyHelper, Age UK au Citizens Advice, ni bure.

Hatua ya saba: siku ya kulipa

Omba hesabu mpya ya kufunga deni yenye tarehe unayokusudia, weka siku mbili tatu mbele za akiba. Chagua Jumanne au Jumatano. Naisema Jumatano kwa sababu sisi tulilipa Ijumaa, shangazi amevaa vizuri kabisa kwenda benki, tumefika saa tisa na nusu alasiri, karani akatuma, kumbe muda wa CHAPS, njia ya benki ya kutuma hela nyingi siku hiyohiyo, ulishapita siku ile na hela ikafika Jumatatu. Siku tatu za riba, paundi kama 17 kwa siku, tukabaki tunadaiwa 51. Deni la karibu elfu mia likawa halijafungwa kwa sababu ya paundi 51, na barua ya kutuambia ilikuja baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo shangazi anajua hana deni.

Kwa hiyo nenda asubuhi. Lipa kidogo zaidi ya inavyotakiwa, kinachozidi wanarudisha. Namba ya akaunti ya mkopo iandikwe kwenye kumbukumbu ya malipo bila kukosea hata tarakimu. Kama unatuma kwa simu au intaneti angalia kikomo cha benki yako kwa siku, wengi wana kikomo kidogo kuliko deni.

Na akaunti ya kulipia msiichukue kwenye imeili hata kama imeili inaonekana ya kweli kabisa. Matapeli wanasubiri siku kama hii. Piga namba iliyoko kwenye stetimenti ya zamani ya karatasi, wasomee namba ya akaunti, wathibitishe, alafu tuma. Wakishapokea piga tena siku inayofuata uulize, deni ni sifuri? Omba waandike.

Wakili sio lazima kama unalipa kwa hela yako na huuzi wala hukopi upya, ila kama mzee ni peke yake na ana wasiwasi, gharama yake sio kubwa ukilinganisha na kinachohamishwa.

Hatua ya nane: hakikisha nyumba imeachiliwa

Watu wengi wanaishia kwenye malipo. Bado. Kwa England na Wales mkopeshaji anatakiwa apeleke taarifa HM Land Registry, ofisi ya serikali inayotunza rejista ya umiliki wa nyumba, kwamba rehani imeondolewa, siku hizi mara nyingi kwa mtandao. Scotland ni Registers of Scotland na utaratibu wao ni tofauti, kule huenda ukahitaji wakili. Subiri wiki chache kisha nunua mwenyewe nakala ya rejista kwenye tovuti ya serikali, ni paundi 7, usiingie kwenye tovuti za katikati zinazotoza 20 au 30. Rejista ina sehemu A, B na C. Deni linaandikwa C, na mara nyingi kwenye B kuna zuio linalosema nyumba isiuzwe bila idhini ya mkopeshaji. Vyote viwili viwe vimetoka. Kama C imeondolewa na zuio la B limebaki, mwandikie mkopeshaji alitoe, maana siku ya kuuza litasumbua.

Nyumba isiyo na deni inapendwa na wezi wa hati, hasa kama ni ya mzee anayekwenda Zanzibar miezi mitatu kila mwaka. Jiandikishe kwenye Property Alert ya Land Registry, ni bure, unaweza kufuatilia nyumba mpaka 10, mtu akijaribu kubadilisha kitu kwenye rejista wanakutumia imeili. Weka imeili ya mtoto anayesoma imeili zake.

Kisha bima ya nyumba: wapigie watoe jina la mkopeshaji. Bima yenyewe usiikate! Mkopo ndo ulikuwa unakulazimisha kuwa nayo, sasa hakuna anayekulazimisha na nyumba bado inaweza kuungua. Wasia nao ufanyiwe upya, uliopo pengine uliandikwa ukijua nusu ya nyumba ni ya mkopeshaji.

Mkopeshaji akikuzungusha

Hesabu haieleweki, faini unaona imekosewa, au wamechelewa kuachilia hati, andika malalamiko rasmi, neno "complaint" liwemo. Wana wiki 8 za kukupa jibu la mwisho. Wasipojibu au usiporidhika unaenda Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa malalamiko ya fedha, ni bure, na una miezi 6 tangu siku ya jibu lao la mwisho. Kama mlipochukua mkopo mshauri hakueleza faini vizuri, au hakuuliza kama kuna uwezekano wa kupata hela ya kulipa mapema baadae, hilo nalo ni malalamiko halali, mwandikieni yule mshauri au kampuni iliyorithi biashara yake.

Zile paundi 51 tulilipa kwa kadi siku ileile barua ilipofika. Rejista ilitoka safi mwezi uliofuata. Shangazi aliniambia nimsomee sehemu C, nikamwambia shangazi hamna kitu, akasema soma tena. Nakala iko kwenye kopo la biskuti, juu kabisa, na watoto wote watatu wanajua ilipo.